Koti la Mabaka la Ami Othman

Baba,

Shikamoo. Naianza barua hii na shikamoo kwa sababu nakujua. Ningeianza na kilio ungenikatiza papo hapo ukaniuliza kwani siku hizi watu wameacha kuamkiana. Marahaba yake nitajiitikia mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa nimeegemea meza yako ya kupigia pasi, dukani. Ndiyo, nimelifungua. Asubuhi nafua, mchana napiga pasi, jioni nikipata nafasi narudi kwenye cherehani yangu. Wateja wako wanalalamika kwamba kanzu zao hazisimami kama ulipokuwa ukizitia wanga wewe, na wanasema kweli. Nikizidisha zinakuwa ngumu kama ubao, nikipunguza zinalegea kabla mtu hajafika msikitini. Nitajifunza tu. Mama hajambo. Ametoka eda salama, na jambo la kwanza alilolifanya siku hiyo ni kupanda darini kukagua mirihani yake, akashuka ananigombeza kwa nini nimeiacha ikakauka. Nilifurahi kugombezwa, Baba. Nyumba ilikuwa kimya mno.

Lakini hayo si ya kumkalisha mtu kitako na kalamu. Nakuandikia kuhusu lile sanduku la bati chini ya kitanda chako. Lilitolewa, Baba. Lilitolewa lote, nguo kwa nguo, bereti kwa bereti, likagawiwa Unguja nzima. Nimelirudisha. Halikurudi lote, na kile ambacho hakikurudi ndicho kinachonifanya niandike, kwa sababu sitaki ukisikie kwa mtu mwingine.

Baada ya hitima yako nilianguka homa, nikawa sijui mchana wala usiku. Mama yumo chumbani katika eda, hatoki, haonani na watu. Ndipo mama mdogo Sabra alipokuja na wenziwe kusafisha chumba chako. Unamjua shemeji yako, akishika ufagio hakuna wa kumzuia. Kwake yeye nguo za maiti hazilali ndani ya nyumba. Zikilala, maiti hapumziki. Akafungua kabati, akatoa kanzu zako, shuka zako, mashati yako ya kazi. Kisha akalivuta na sanduku. Aliona nguo kuukuu zimekunjwa vizuri, zinanukia karafuu, akadhani hizi nazo ni zako, za ujana. Akazifunga mafurushi, akazitoa sadaka kwa jina lako: moja likaenda Mtoni, moja Fumba, moja Jambiani kwa jamaa za mumewe. Nilipoinuka kitandani chumba kilikuwa kimepigwa deki na kufukizwa udi, na sanduku limesimamishwa ukutani, kifuniko wazi, linapigwa upepo.

Sikumtukana. Nataka ulijue hilo. Alinitazama kwa uso wa mtu aliyefanya jambo la kheri akalimaliza. Nilikwenda kujifungia chooni nikalia mpaka Mama akaja kugonga.

Na kosa, Baba, niruhusu niseme, ni lako kidogo. Ulificha mno. Hata ndugu wa mkeo hakujua mle mna nini. Mimi nilijua kwa sababu ya sindano yangu. Mashati ya kaki na kaptula pana za wazee waliokwenda kupigana Bama enzi za Mwingereza. Ile kofia ya ukingo iliyokunjwa upande mmoja. Mabereti, meusi na ya kijani. Na kombati za mabaka za vijana waliokwenda vita vya Kagera. Hukununua hata moja. Mzee akifa watoto wake walikuja dukani na mfuko, wanaona haya kuitupa na wanaogopa kukaa nayo, maana raia na nguo ya jeshi haviendi pamoja. Nawe ulikuwa na neno lako lile lile: "Nipeni niwawekee. Siku mkiitaka, ipo." Kisha ukaifua kwa mkono, ukaianika kivulini, ukaitia karafuu mifukoni isiliwe na wadudu. Kazi yangu ilikuwa kutia alama ya uzi mwekundu ndani ya kola, kila ukoo na mshono wake, kama dobi anavyotia alama nguo za wateja zisichanganyike.

Nimemkumbuka yule mgeni aliyeitaka bereti ya kijani, kila ukikataa yeye anaongeza bei. Ulimpa kahawa, ukamwambia, "Hapa hatuuzi vichwa vya watu, bwana." Akacheka, akafikiri unamtania. Nami nilikuwa nikicheka nyuma ya pazia, lakini nilikuona ulivyoishika ile bereti baada ya yeye kuondoka. Uliishika kwa mikono miwili.

Na ruhusa yake uliitafuta mwenyewe. Ulikwenda kwa sheha wa mtaa, sheha akawaita wakubwa wa jeshi, wakaja wakatazama. Wakakubali kwa sharti moja tu, kwamba zikae sandukuni na asizivae mtu. Ukala yamini mbele yao, nami nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Ndiyo maana tulikuwa tukizianika darini zikiwa zimegeuzwa ndani nje, ili jirani asione mabaka akapata la kusema. Sasa fikiria hali yangu. Nguo ulizoapa hazitavaliwa zimo migongoni mwa watu, kusini na kaskazini, na zimetolewa kwa jina lako. Wenyewe wakija kuzidai nitawaambia nini? Wakubwa wakisikia, watachukua hata kidogo kilichobaki, na wewe utabaki huko na jina la mtu aliyevunja ahadi. Nikakata shauri, kabla sijajua nitaanzaje, kwamba kila kilichotoka katika sanduku lile kitarudi. Kila kimoja.

Fumba ikajitangaza yenyewe. Mama mdogo alikuja siku moja akatusimulia kichekesho alichokisikia huko. Kibarua mmoja katika yale majumba mapya amejipatia koti lake zuri la mabaka, akalivaa akapanda pikipiki, kifua mbele. Njiani akakutana na askari. Hawakumpiga wala hawakumpeleka popote. Walimvua lile koti, wakamwambia alikunje vizuri kama mtu anayeheshimu nguo, wakamrudisha kwao kwa miguu, na fulana yake, koti kaliweka kichwani, pikipiki anaisukuma. Mama mdogo anacheka mpaka machozi. Alipofika kwenye neno mabaka nilimshika mkono nikamwambia ndilo, mama, hilo ndilo.

Nilimweleza yote. Alikaa chini kwenye mkeka, akavua miwani. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria:

"Rukia, mwanangu, mie nshatoa sadaka. Nshatia nia, nshasema hii ya marehemu. Sadaka utaifuata uirudishe? Si kumpokonya baba yako thawabu zake hizo?"

Hapo ndipo nilipokwama, Baba. Kugombana na watu naweza. Kutembea naweza. Lakini kumgongea mtu mlango nikamwambia nipe kile ulichopewa kwa ajili ya baba yangu aliyekufa, ulimi ulikuwa haunyanyuki. Watu wangesema binti wa dobi amekuwa na roho gani. Na mimi mwenyewe ningeogopa. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo, mwisho nikapiga moyo konde nikaenda kwa Maalim Haji, yule aliyenisomesha Kurani chuoni nikiwa mdogo. Yeye ndiye aliyekusomea talakini kaburini.

Alinisikiliza bila kunikatiza, unamjua hana haraka. Akaniuliza nguo zile zilikuwa za nani. Nikamwambia za watu, baba kawekewa. Akasema basi hizo ni amana, na mtu hawezi kutoa sadaka katika mali isiyo yake, hata awe na nia nyeupe namna gani. Mama mdogo wako hana dhambi, hakujua, lakini sadaka ile haikusimama. Nenda ukazichukue, uwaeleze watu kwa uungwana, na usimwache mtu uchi. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshambusu mkono, ndipo alipoongeza kwamba kile kilichokuwa cha baba yako mwenyewe, hicho kimetoka, hicho usikifuate. Nikaitikia naam na kutoka. Neno la mwisho sikutoka nalo. Lilibaki pale pale mlangoni, kwenye viatu vyake.

Nilishona kwanza. Nilichukua vitambaa vyangu vya akiba na ile jora ya turubai nyembamba uliyokuwa ukiwawekea wavuvi, nikashona mashati, suruali, makoti ya kazi, nisimwache mtu uchi, kama alivyosema Maalim. Mama alinikatia nyuzi kutoka chumbani. Tulikuwa hatuzungumzi sana, lakini mkasi wake nilikuwa nausikia, na ulinipa nguvu kuliko dua.

Fumba sikupata taabu. Yule kijana alinipokea kama mkombozi. Alikuwa amelificha koti chini ya mabati na hataki hata kulitazama. Nilimpa la turubai, akalivaa pale pale, akaniuliza kama hili nalo askari watamvua. Babu yake alikuwa na shati la kaki na kaptula. Nilipomwonyesha ule uzi mwekundu ndani ya kola akauliza ni alama ya nani, nikamtajia ukoo. Kumbe anawajua. Kumbe baba yao alikwenda Bama pamoja na kaka yake. Alinipa nguo, akaenda kuosha uso.

Mtoni, Baba, ungecheka. Furushi la Mtoni lilimwangukia Bi Shuu, mama mmoja wa karibu na yale magofu ya kasri, mwenye kuku wengi na wajukuu wengi zaidi. Suruali alikuwa amezipunguza miguu ziwatoshe watoto, hizo nilizirudishia miguu yake baadaye, vipande alikuwa navyo. Bereti nyeusi ilikuwa kishikio cha sufuria. Imeungua ukingoni kidogo. Lakini bereti ya kijani, ile ile ya mgeni wako, ilikuwa na mwenyewe. Kuku alikuwa ameikalia, ameatamia mayai yake ndani, ametulia kabisa. Nilipopeleka mkono alinidonoa. Bi Shuu naye akaja juu. Alisema bereti nitachukua, hana shida, amana ni amana, lakini kuku wake hatainuliwa kwenye mayai kwa ajili ya jeshi lolote.

Nikajikaza kisabuni. Nilirudi nyumbani, nikarudi tena Mtoni, nikakuta bado. Nikarudi tena. Mara ya mwisho nikakuta vifaranga wanakimbia uani na kuku kaiacha bereti yenyewe kwa hiari yake, na hali iliyokuwa nayo sitakuandikia. Niliifua kwa mkono kama ulivyonifundisha, maji ya vuguvugu, bila kuikamua, nikaikausha juu ya bakuli lililopinduliwa isipoteze umbo. Imerudi. Ukiinusa sana labda, lakini nani atainusa?

Nilikuwa nimeanza kujisifu, nakwambia kweli. Kofia ya ukingo imerudi, mabereti yamerudi, kaki zimerudi. Nilikuwa nikizipanga sandukuni na kuhesabu kwa moyo zilizobaki, na zilizobaki zilikuwa za Jambiani tu. Ndipo nikaona nini hakimo. Nilikuwa nimejizuia nisilitafute kwa jina mpaka wakati ule. Koti la Ami Othman.

Ami Othman sikumwona. Alikwenda Kagera kijana, hajaoa, na hakurudi. Hayo ulinipa kidogo kidogo, miaka mingi, kila mara tukiwa na nguo zile mikononi, hukuwahi kunisimulia kwa mkupuo. Kwamba alikuwa kaka yako na alikufundisha kuogelea kwa kukusukuma majini. Kwamba mwenzake wa kikosi alilileta lile koti nyumbani limefungwa kwa kamba. Kwamba Bibi alilitia chini ya mto wake na akalilalia mpaka alipokufa, ndipo likaja kwako, na likawa la kwanza kuingia sandukuni. Zote zile nyingine zilifuata kwa sababu yake. "Mwili hatukuuona," ulikuwa ukisema, na hapo ndipo ulipokuwa ukishika pasi. Hana kaburi. Ijumaa ukienda makaburini Mwanakwerekwe kuzuru wazee wako, yeye hukuwa na pa kumsomea. Ukirudi ulikuwa ukilitoa koti, unalikung'uta, unalirudisha.

Nilipanda gari la asubuhi kwenda Jambiani na makoti mapya ndani ya kikapu. Jamaa za mama mdogo wakanipa nguo zilizokuwa kwao bila tabu. Koti wakasema analo Bi Tatu, mkulima wa mwani, mjane, nimngoje atoke baharini. Maji yalikuwa yametoka mbali sana, ilikuwa bamvua, siku zile za mwezi bahari inapokupwa kabisa. Nikaenda kusimama juu ya mchanga. Wanawake walikuwa wameinama kwenye kamba zao za mwani, kanga na magauni ya kila rangi, na katikati yao nikaliona. Mabaka ya kijani na kahawia, yameloa, mikono mirefu imevutwa mpaka vidoleni. Nilitaka kukimbilia majini. Maji ya chumvi, Baba, na jua lile, kwenye koti ambalo wewe hukuruhusu hata mwanga wa dirisha uliguse.

Bi Tatu ni mtu wa rika lako, mwembamba, mcheshi. Alinikaribisha kwake, akanipa uji wa muhogo, akanisikiliza. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengine, amana, alama, sharti la wakubwa. Nikatoa koti nililomshonea, la kitambaa chepesi, lina kola ya kukinga shingo. Akalipapasa, akasifu mkono wangu. Halafu akanirudishia kikapuni.

"Mwanangu, nguo ya kununua ntanunua mwenyewe. Hii nimepewa na maiti. Siku ya mwanzo nilitia mkono mfukoni nikakuta karafuu, nikasema huyu alikuwa mtu wa kujipenda, wacha nimsomee. Basi kila nikiivaa namtilia Fatiha baba yako, nkenda na nkirudi. Ukinivua hii, n'tamkumbuka kwa lipi?"

Nilisema kuhusu askari. Akasema yeye hulivaa baharini tu, na njiani hulifunika kwa kanga, na nani atakayemkamata baharini, pweza? Kisha akaacha utani. Akalivua, akaligeuza, akanikabidhi, akaniambia kama ni amana ya watu nimwoneshe ile alama ya uzi mwekundu, naye atanipa hapo hapo na msamaha ataomba.

Nikafungua kola. Nilikuwa najua, lakini nikafungua. Hamna uzi. Siku moja nilikuuliza kwa nini hili hatulitii alama, ukaniambia hili halichanganyiki na la mtu, hili letu.

Ningeweza kumwambia alama imefumuka. Ningeweza kusema chumvi imekula uzi. Alikuwa ananitazama, ananiamini, mikono yake imepasuka kwa kamba, na neno la Maalim likanijia pale nilipoliacha. Kile kilichokuwa cha baba yako mwenyewe, hicho kimetoka. Kanuni ile ile iliyonipa haki ya kurudisha nguo za watu ndiyo iliyoninyima yetu. Niliumia, Baba. Niliumia kuliko siku ya kukuzika, kwa sababu siku ile nilikuwa na watu wa kunishika. Nikamwambia, "Bi Tatu, hili lilikuwa la baba. Ni lako."

Lakini sharti lilibaki. Wewe uliapa halitavaliwa, na yule mama akikutana na mtu asiye na huruma aibu itakuwa yake na yako. Nikamwomba anipe nirudi nalo mjini, nilitie rangi mabaka yapotee, nimletee kabla ya bamvua lijalo. Alikubali. Alinifungia kwenye kanga yake, kanga mpya, akaniambia nisicheleweshe.

Kwa hiyo nikarudi nalo. Lilikuwa hapa, Baba, juu ya meza hii. Na shetani wa fundi ana njia zake. Nina kitambaa kizito cha aina ile ile. Nina vipimo machoni. Ningekaa kwenye cherehani nikashona koti jingine sawasawa, mishono sawa, vifungo ningevihamisha, nikalitia rangi nyeusi, na Bi Tatu asingejua mpaka siku ya kufa kwake. La Ami Othman lingerudi sandukuni na ningekuandikia leo kwamba kila kitu kimerudi kama nilivyoapa. Nilikata hadi kola. Nilikuwa nimeshika mkasi nikafikiria yule mama anatia mkono ndani ya nguo niliyoitengeneza kwa uongo, halafu anakuombea wewe. Anainua mikono yake iliyopasuka, anakutaja jina, na nguo si yako. Dua yake ingekuwa safi, mimi ningekuwa nani? Nikaiweka kando ile kola. Nimeitupa.

Nilinunua rangi sokoni Darajani. Mama alikuja kusimama mlangoni aliponiona nawasha jiko. Aliliona koti, akalijua, akanitazama nilipokwisha kulikunjua juu ya sufuria. Hakunizuia. Alichofanya ni kuja kuvitoa vifungo kimoja kimoja ili visiharibike, na kimoja akakitia kwenye pindo la ushungi wake. Nilikigeuza kile kitambaa kwa mwiko, mabaka yakawa yanazama. Mara ya kwanza yalibaki yanaonekana kwa mbali, nikalichovya tena. Wewe uliyenifundisha kutoa madoa, nilisimama pale namaliza rangi ya kaka yako kwa mikono yangu. Nililia, ndiyo. Lakini sikulitoa mpaka lilipokolea.

Kisha nikalishona upya. Viwiko nimevitia kiraka cha ndani, mishono ya kwapa nimeipitia mara mbili, uzi wa nailoni usioogopa chumvi. Chini ya kola, kwa mara ya kwanza, nimetia alama, lakini si ya kuonyesha mwenyewe, maana mwenyewe ni Bi Tatu. Nimeandika kwa uzi jina la Othman. Kifungo kilichokosekana nimetia kingine, hakifanani. Mama hakukitoa chake na mimi sikumwomba.

Nilimpelekea bamvua lilipoanza. Alilivaa pale mlangoni, akajitazama, akasema sasa amekuwa kama mwalimu mkuu. Ndipo nikamwambia habari za Ami, maana siku ile ya kwanza nilikuwa sikumwambia. Kwamba koti hili kabla ya kuwa la baba lilikuwa la kaka yake, aliyekwenda vitani, na kwamba hana kaburi na hana wa kumsomea ila sisi. Nikamwomba, kama haoni uzito, amtaje na yeye.

Aliniuliza jina. Nikamwambia. Akalirudia taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo.

Nilishuka naye mpaka majini. Sijapata kuingia bahari ya Jambiani na viatu mkononi tangu utoto wangu. Wenziwe walikuwa mbele, wanaitana, wanacheka. Alisimama maji yakimfika vifundoni, akafunga vifungo mpaka shingoni, akainua mikono, na mimi nikainua yangu. Alikusomea wewe kwanza. Halafu akamtaja Othman, kwa sauti, mbele ya watu, na wale wanawake waliokuwa karibu wakaitikia amina bila kumjua ni nani.

Basi ndiyo habari, Baba. Kila cha watu kimerudi, na nimeshakwenda kwa sheha kumweleza yote kabla hajasikia kwa watu. Amekuja na wakubwa, wametazama tena, nami nimekula yamini ile ile uliyoila wewe. Sanduku lina kufuli, na mama mdogo Sabra ndiye mwenye ufunguo wa pili, ameutaka mwenyewe. Mwezi uliopita amekuja mjukuu wa mzee mmoja wa Bama, anataka kuona shati la babu yake. Nilimtolea. Alilishika muda mrefu, akaniomba niendelee kumwekea. Nikamwambia ipo, siku akiitaka.

Ukinikasirikia kwa ajili ya koti nikasirikie, nitabeba lawama. Nitakuwa nakwenda Jambiani kila bamvua na sindano yangu, mshono ukiachia niushone, kitambaa kikilika nikitie kiraka, na siku kikishindwa kabisa nitamshonea Bi Tatu jingine mbele ya macho yake, na jina nitalihamisha. Na za wengine nitazianika mwanzo wa kila mwezi, ndani nje, kivulini.

Pumzika, Baba. Usiyafikirie ya huku, nipo mimi. Na kama huko mmeshaonana wewe na kaka yako, mwambie aliposimama Bi Tatu ndipo tunapomzuru.

Mwanao,
Rukia